Namba ya Siri ya Mtaa Mzima

Yule mdukuzi wa kwenye filamu, mwenye kofia ya sweta na kompyuta tatu mezani, hana haja ya kupanda treni ya Tabora kuja Mpanda. Nauli yake itapotea bure. Kazi imeshafanyika kwenye kibanda cha wakala, sokoni, ambako bibi anapitisha simu dirishani: "Mjukuu wangu, nitolee elfu ishirini, macho yangu hayaoni. Namba ya siri ni mwaka wa Uhuru." Foleni inatikisa kichwa kwa heshima. Waliosoma historia wameshapata 1961. Ambao hawakusoma wanamuuliza jirani.

Tusiseme serikali imelala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na mwaka 2019 tukaanza kusajili laini kwa alama za vidole, kila tapeli ajulikane kwa jina. Ujumbe haukukoma: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Na kweli linakuja. Ni la mtu aliyekwenda kusajili laini moja, akaambiwa kidole hakijasoma, aweke tena, na tena.

Ukitaka kujua una laini ngapi usizozifahamu, bonyeza *106# ufuate maelekezo. Namba ya tapeli nayo hutumwa 15040, lakini nani ana muda huo? Sisi tunampigia kwanza, tunamtukana yeye na ukoo wake kwa salio letu wenyewe, kisha tunafuta ujumbe, ushahidi na vyote.