Kufuli la Mwenyekiti

Mtu aliyekulia Eastlands ya Nairobi, iwe ni Jericho, Buruburu au Umoja, hana haja ya kuhubiriwa tahadhari, kwani kwake ni faradhi: hupanda matatu simu ikiwa ndani ya soksi, huanua nguo kambani kabla ya magharibi, na hata jiko la makaa lililokwisha zimika hulilaza ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo, chama chetu cha majirani kilipoazimia kwenda kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na jirani yake ya Watamu, hapakutokea mjumbe wa kutilia shaka usalama wetu. Fauka ya hayo, mwenyekiti, bwana mwenye haiba na sauti ya kuamrisha, alikuwa amenunua kufuli la shaba lenye ukubwa wa ngumi kwa ajili ya zipu ya hema.

Tulifika asubuhi, macho mekundu kwa safari ya usiku kucha. Langoni tulikumbushwa, kwa adabu kamili, kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na sahani za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za nchi hii. Mama Mweka Hazina, ambaye alikuwa ameyanunua maji yale kwa bei ya jumla na risiti anayo, alikataa katakata kuyaacha. Akatugawia, nasi tukayanywa palepale tukiwa tumesimama, chupa baada ya chupa, kwa huzuni. Matokeo yake siyaelezi.

Mahali pa mahema palikuwa juu, chini ya mivinje, penye kivuli na upepo. Mwenyekiti hakuparidhia.

"Kwenye miti ndiko wanakojificha," alisema.

"Kina nani?" aliuliza mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na madema yake begani.

"Mzee, wewe hujakaa Eastlands."

Hema likashushwa hadi mchangani, mahali peupe ambapo mwizi angeonekana kutoka pande zote, na bahari ikiwa mbali hata mawimbi yake hayasikiki vizuri. Mzee akautazama ule mstari wa mwani mkavu uliobaki juu yetu, akasema, "Wanangu, leo bamvua." Mwenyekiti akamshukuru kwa taadhima, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, na sote tukaondoka kwenda kuitazama Nguzo ya Vasco da Gama. Mreno yule, alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, naye akawa na busara ya kumsikiliza.

Bahari, kwa hakika, haina siri. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kujaa kwa kishindo, tofauti ikikaribia mita 4. Na katika pwani hii maji ya bamvua aghalabu huwa yamekupwa kama saa nne na kujaa kama saa kumi, mchana na usiku, yakichelewa kiasi cha dakika 50 kila siku hadi yawe maji mafu. Mstari wa mwani huonyesha yalipofika mara ya mwisho, na mwenye hema hulisimika juu ya mstari huo, tena mbali nao. Sisi tulisimika saa nne, tukarudi saa kumi.

Hema lilikuwa limechutama majini, vigingi vikielea, kufuli likimeremeta kwa uaminifu. Mwenyekiti alijitosa na ufunguo mkononi. Wimbi likamjia kwa nyuma, likamnyang'anya ufunguo bila kumgusa mahali pengine, jambo ambalo hata vijana wetu wa stejini wangelistahi. Visu vyetu vyote vilikuwa ndani. Hema lilipasuliwa kwa kisu cha yule mzee mvuvi, ambaye hakutamka neno, na nadhani kunyamaza huko kulimgharimu sana.

Katika mkutano uliofuata, mwenyekiti alisoma taarifa ya safari kwa sauti isiyotetereka, akataka iandikwe katika kumbukumbu kwamba hakuna kilichoibwa. Mama Mweka Hazina akauliza kama kufuli, ambalo hadi leo limefungwa, liandikwe upande wa mali au wa hasara, na shauri hilo likaahirishwa.