Kumtetea Fundi wa Ijumaa

Mwagize fundi seremala meza na benchi la barazani, zile za magogo na mbao nene zinazoachwa na magome yake, na hutachelewa kugundua kwamba useremala ni moja tu ya kazi zake. Asubuhi yuko kwenye bodaboda, mchana anampakia mtu rangi Mbagala, mvua zikinyesha yuko shambani Mkuranga, na meza yako uliyoitolea advansi imelala chini ya turubai bila miguu. Simu haipokelewi, ikipokelewa, jibu ni "Ijumaa, bosi," na Ijumaa zenyewe hazijawahi kuisha duniani. Watu humwita mwongo. Mimi nasema fundi mwenye shughuli nyingine ndiye wa kutafutwa kwa tochi, na wa kuogopwa ni yule anayeshinda karakanani kutwa akikusubiri wewe tu.

Ushahidi uko kwenye mbao. Mpaini mbichi kutoka misitu ya Sao Hill unaweza kubeba maji yenye uzito kama wa mbao yenyewe. Yakitoka, mbao hunywea kwa upana na karibu isinywee kabisa kwa urefu, ndiyo maana haipungui tu bali hupinda na kupasuka. Kanuni ya kale ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Mpaini hauhitaji muda wote huo, wala joto la Dar es Salaam si haba, lakini hakuna mbao nene inayokauka kwa hewa tu ndani ya wiki moja. Sasa, fundi asiye na riziki nyingine atafanyaje? Kodi ya fremu inamsubiri na watoto wanataka ugali. Atanunua mbao asubuhi, ataranda mchana, jioni atapaka vanishi, na Ijumaa utapata meza yako kwa wakati, huku ukimsifu. Baada ya miezi michache mguu mmoja uko hewani, umeukingia kipande cha boksi, na mtoto wa meza amegoma kutoka masika yote. Kiangazi anatoka mwenyewe bila kuitwa. Mwenye bodaboda, kwa kuwa ugali wake uko barabarani, hana haja ya kuiharakisha mbao.

Nitaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, na kwa kawaida inayomponyoka ni advansi yako. Nitaambiwa pia, na hii ndiyo hoja inayouma, kwamba mbao haikauki kwa sababu haijanunuliwa: chini ya turubai hamna kitu, na siku utakayopandisha sauti ndiyo siku atakayokimbilia mbao mbichi. Hapo utetezi wangu unaanguka, kwa mafundi wa aina hiyo. Lakini dawa si kumnyang'anya pikipiki. Nenda naye mwenyewe kwa wauza mbao, lipia mbao badala ya ahadi, kisha hakikisha zimepangwa kivulini na vijiti katikati ya kila tabaka ili hewa ipite. Kuanzia hapo kila Ijumaa anayokudanganya inakufanyia kazi. Wanaopendekeza meza za dukani zilizotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi siwajibu kwa kirefu. Wapige deki mara chache, waone miguu inavyovimba.

Kama huwezi kusubiri umesimama, mwombe atangulize kigoda cha miguu mitatu. Miguu mitatu hugusa chini yote kwa pamoja popote utakapokiweka, iwe sakafu ya udongo au vigae vilivyotandikwa na fundi mwingine wa Ijumaa. Mbao yake ikipinda utakaa mshazari kidogo, lakini hutayumba. Meza ya miguu minne haina msamaha huo.