Namna ya Kupenda Hadi Kahawa Iishe Shambani

Kwanza, usipende kwa kiasi. Kiasi ni cha wenye mishahara. Hapa Karagwe na Kyerwa mtu akipenda, mnunuzi wa butura hujua kabla ya jirani. Butura, kwa mgeni, ni kuuza kahawa ikiwa bado ua: fedha unakula leo, gunia atavuna mwenzako. Serikali imeipiga marufuku, lakini mapenzi hayasomi matangazo.

Faida za kupenda hadi kuabudu zipo, tusiwe wanafiki. Mjomba wangu alikuwa mtu wa rubisi asubuhi, konyagi jioni. Alipookoka kwa Walokole alisimama mbele ya watu akaungama yote, hadi mkungu wa ndizi aliomwibia baba yangu. Tangu siku ile hajagusa kibuyu, na watoto wake wamesoma. Baba alidai mkungu, akaimbiwa.

Ukishapata wa kumwabudu, mlishe. Mwaka 1861 Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika, hapa hapa Karagwe, akakuta wake wa wakubwa wakinyweshwa maziwa hadi hawawezi kusimama. Akampima mmoja: mzingo wa mkono, inchi 23. Kando yake binti wa miaka 16 anafyonza chungu cha maziwa, baba kashika fimbo. Penzi zito ndivyo lilivyo, unapewa kila kitu isipokuwa ruhusa ya kushiba. Siku hizi maziwa yanatumwa kwa simu. Kijana yuko Nkwenda, malkia wake yuko chuoni Mwanza, na anayejua uchumba umefika wapi ni wakala wa pale senta.

Kwenye imani utaratibu ni ule ule, ila muamala unaitwa mbegu. Maharage yasipoota wiki mbili, unafukua uone kulikoni. Mbegu ya madhabahuni ukiifukua, huna imani.

Wapo waliofuata mwongozo huu hadi ukurasa wa mwisho. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mashamba na mifugo, wakakabidhi fedha, wakaacha hata kuongea, wakawa wanaonyeshana kwa ishara. Dunia iliahidiwa kwisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikwisha. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea, milango na madirisha yamepigiliwa misumari, mamia wamo ndani. Hapo sina mzaha.

Basi kabla hujapiga magoti, mwombe unayemwabudu aje kukusaidia kuchuma kahawa. Siku moja tu, mwezi wa sita, kwenye mteremko, siafu wakipanda miguuni. Malkia wa Mwanza alisema ana mtihani. Mchungaji wa mjomba alikuja na mabuti yake, akachuma madebe mawili, akala ndizi kwa maharage, akaaga bila kungoja bahasha.

Mkungu wa baba haujarudishwa.