Namna ya Kumfanya Mteja Asahau Shida Yake

Umeamua kuwa kocha wa maisha. Hongera. Kadi umeshachapisha, picha umeshapiga, mikono umekunja kifuani na suti ya kuazima imekukaa. Limebaki moja tu: mteja akikaa mbele yako, umuulize au umsimulie ya kwako?

Msimulie. Tuseme amekuja mama lishe wa Tandika. Shemeji yake anakula bandani kila mchana wala halipi, na akidaiwa, mume ananuna. Neno "ananuna" halijatoka vizuri, mkatize: "Hata mimi dada yangu, mwaka 2011..." Mpeleke Karume ulikouza mitumba, umpitishe kwa mjomba aliyekula mtaji wako, umpandishe na daladala ya Mbagala ulimolia mpaka konda akakusamehe nauli. Ya konda usiiruke, ndiyo tamu. Saa ikiisha, mteja atakuwa anakupa pole wewe. Ada ni ileile.

Huna hadithi? Hamia kwenye maswali. Huko kuna ukoo wa heshima. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliandika mwaka 1974 kwamba mpinzani mgumu zaidi yumo kichwani mwa mchezaji mwenyewe. Mwanafunzi hakumlundikia maelekezo. Alimtaka atamke tu mpira unapodunda na unapogongwa. Mwingereza John Whitmore, dereva wa zamani wa magari ya mashindano, akaziingiza fikra hizo maofisini kwa kitabu chake cha 1992: unataka nini, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, utafanya nini. Maswali mazuri sana. Wewe yamwage yote, hata kwa anayeulizia choo. "Wewe ungependa choo kiwe wapi?" "Ukifika, utajuaje kwamba umefika?"

Na kwa hadithi zile za Karume, kungwi wa pwani angekucheka. Yeye hukabidhiwa mwari amfunde, na kila mtu nyumbani anajua hivyo. Wewe umeletewa mtu mzima mwenye banda, mume na daftari la madeni.

Wapo makocha wachache wanaoharibu soko. Niliwahi kukaa mbele ya mmoja. Nilimweleza kwamba kaka yangu anataka tufungue duka pamoja, mimi sitaki, na kumwambia nimeshindwa. Akauliza, "Ukimwambia, unaogopa nini?" Akanyamaza. Feni ikazunguka weee. Nikatafuta uongo wa kujaza kile kimya, ukanitoka ukweli: naogopa ataniambia nimesahau aliyenisomesha.

Nikamuuliza kama na yeye yamewahi kumkuta. Nikajiweka sawa kitini, nikijua sasa tunaelekea Mbagala.

"Yamenikuta. Nilichelewa kumwambia ndugu yangu kwa miaka miwili, tukaja kugombana kwa huko kuchelewa. Lakini kaka yako mimi simjui. Yukoje?"

Basi. Hakunitajia mjomba wala konda, na mpaka leo sijui alikuwa akiuza nini na huyo ndugu yake.

Jioni ile nikampigia kaka. Alinuna wiki nzima, kisha akaja kula pilau kwangu kama kawaida. Kwa yule kocha sijarudi tena, maana sina cha kumpelekea. Mteja mmoja, kikao kimoja, kwisha. Sasa niambie, kwa mtindo huo kodi ya ofisi atalipa na nini?