Bosi Si Mtu wa Ajali

Asubuhi, foleni ya Kimara, Barabara ya Morogoro. IST ya rangi ya fedha inasogea nyuma ya lori la mchanga. Bima yake kubwa inaisha kesho.

KARATASI YA BIMA (kutoka droo ya dashibodi): Shikamoo, mzee Bampa.

BAMPA: Marahaba, mwanangu. Ndiyo unaondoka? Mwaka mzima umenisaidia mara moja, tena nusunusu.

KARATASI: Mzee, usinionee.

BAMPA: Nisikuonee? Waya huu wa kushoto, fundi bodi kanishona nao kama gunia la mkaa. Bodaboda kachomekea, Bosi hakumwona. Laki mbili na nusu, zote zikatoka mfukoni mwake.

KARATASI: Ile ilikuwa ndani ya eksesi. Kwenye kila dai, milioni ya kwanza ni ya Bosi; mimi naanzia inapoishia. Wakala alimpa na eksesi ya laki tatu, akaikataa.

BAMPA: Akaikataa!

KARATASI: Gari lina thamani ya milioni 15. Kwa eksesi ya laki tatu, ada ilikuwa 525,000. Kwa milioni, 420,000. Akaona ameokoa 105,000. Akamwambia wakala, "Mimi siyo mtu wa ajali."

KIOO CHA NDANI: (anacheka mpaka anatikisika kwenye gundi yake)

BAMPA: Na ile ya Mwenge, tulipoigonga daladala kwa nyuma?

KARATASI: Kutengeneza gari kulifika milioni moja na laki nne. Nikatoa laki nne.

BAMPA: Angechukua laki tatu?

KARATASI: Ningetoa milioni moja na laki moja.

BAMPA: Yaani kaokoa laki na ushee, kapoteza laki saba.

KARATASI: Aendeshe karibu miaka saba bila kugusa hata kopo la maua, ndiyo zitarudi.

BAMPA: Basi hiyo milioni ni wizi mtupu.

KARATASI: Hapana, mzee. Kwenye faili la wakala nililala na karatasi ya mwalimu mstaafu wa Bunju. Gari lake linatoka Jumapili, kanisani na kurudi, na milioni yake imetulia benki. Yule kuchagua eksesi kubwa ni akili. Huyu wetu anakwenda Posta kila siku, wikiendi anampa shemeji mwenye leseni ya juzi, na dereva mgeni ana eksesi yake ya ziada. Halafu milioni yenyewe anayo?

KIOO: Jana kainua simu hapa usoni pangu. Salio la M-Pesa, elfu kumi na nane.

BAMPA: Kwa hiyo tukigonga leo?

KARATASI: Mtakaa gereji mpaka akope. Fundi hakabidhi gari kwa ahadi.

BAMPA: Ila angechukua laki tatu, waya huu nisingekuwa nao.

KARATASI: Ungekuwa nao. Laki mbili na nusu haifiki hata laki tatu. Na hata ingeivuka kidogo, kudai kila mkwaruzo kunakula punguzo wanalopewa wasiodai. Mikwaruzo, mzee, ni mshahara wako.

BAMPA: Sasa mwaka ujao kachagua ipi? Mbona tunatembea huku anaongea peke yake?

KIOO: Anamtumia wakala ujumbe wa sauti. Mkono mmoja.

BAMPA: Anasemaje?

KIOO: "Niwekee ileile ya milioni, ndugu yangu. Hela inayobaki nafunga redio mpya."

BAMPA: Na lile lori la mchanga liko wapi?

KIOO: Mimi naangalia nyuma, mzee. Mbele uko wewe.