Namna ya Kutuma Klorini Kisumu kwa Basi la Usiku

Una ndoo ya klorini ya bwawa la kuogelea, kilo 10, nyumbani Bugolobi, Kampala. Shemeji ana nyumba ya wageni Kisumu na bwawa lake limeshaota ukijani. Basi linaondoka usiku huu. Fuata hatua hizi tano.

1. Upe mzigo jina la heshima. Kimataifa unga huu ni UN 1748, daraja la 5.1, yaani vitu vinavyochochea moto. Jina hilo huzaa maswali. Andika "sabuni ya unga". Nauli ya sabuni haina mjadala.

2. Bandua lebo. Kile kibandiko cha manjano kilichosimama kwa ncha, chenye duara linalowaka moto, kinawatisha watu bure.

3. Achana na ndoo ya kiwandani. Eti chombo cha klorini kama hii lazima kiangushwe kikiwa kimejaa, kutoka mita 1.2, kisimwage kitu. Wewe tumia mifuko miwili ya kaveera na mpira. Jaribio la kuangusha atalifanya utingo, tena bila malipo. Konda akikunja pua na kuuliza, "Bosi, mbona kinawasha macho?" jibu kwa upole: "Ssebo, ni sabuni kali."

4. Utafutie mzigo jirani mwema. Ndani ya buti uegemeze kwenye dumu la mafuta ya kupikia la mama aliyeketi kiti cha nyuma. Kifuniko cha dumu hakikazi vizuri, lakini safari ni ya saa chache tu. Klorini hii ikikutana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe. Kiberiti haihitaji, wala haingoji abiria waamke.

5. Mpakani, okoa muda. Tangu 2018 Busia ina kituo cha pamoja: maofisa wa Uganda na Kenya wako chini ya paa moja, na mzigo hukaguliwa upande unakoingia. Kwa nini uwachoshe? Mwambie konda aushushe mzigo kabla ya geti, ampe kijana wa boda boda, apite njia ya panya akiwa ameubana mapajani. Yeye naye aambiwe ni sabuni.

Hongera, umeokoa pesa ya wakala wa forodha.

Sasa kumbuka Namungoona, hapa hapa Kampala, Juni 2013. Lori la petroli lilipata ajali, watu wakakimbilia na madumu kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya 30 walikufa. Na pale kila mtu alijua kilichomo ni petroli. Kwenye basi lako dereva hajui, konda hajui, na zimamoto atakayefika hatajua anazima nini. Anayejua ni wewe peke yako, na wewe umelala Bugolobi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujashika kaveera, mdai muuzaji karatasi ya usalama ya kemikali hiyo. Ina vifungu 16. Fungua cha 14, kinachohusu usafirishaji: utakuta nambari ya UN, daraja na kundi la ufungashaji. Mpelekee wakala wa forodha anayeshughulikia mizigo ya hatari, akutafutie gari la mizigo lenye kibali. Ukiona gharama ni kubwa, mwambie shemeji anunue klorini huko huko Kisumu.