Mpangaji wa Friji ya Pili

Nyumbani kwetu hapa Northampton tuna friji mbili. Ya kwanza ni ya chakula, imejaa mpaka nyanya zinapondana. Ya pili ni mpya, ina kipimajoto chake, na ndani yake amelala kobe.

Amelala kweli, si kijembe. Kobe wa binti yangu ni wa aina ya Hermann, asili yake kusini mwa Ulaya, na ukoo huo baridi ikianza hufunga hesabu mpaka machipuo. Mimi ni mtoto wa Unguja. Kobe ninaowajua ni yale majitu ya kisiwa cha Changuu, ambayo wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na sijasikia hata mmoja aliyetiwa kwenye friji. Wanakula mchicha mwaka mzima, wanapigwa picha, basi.

Zamani Waingereza walimtia kobe kwenye boksi la majani makavu, wakaliweka bandani, wakamsahau. Wengine hawakuamka. Baridi ikishuka chini ya sifuri, macho huweza kuganda, kobe akaamka kipofu. Joto likipita nyuzi 10, huzinduka nusunusu na kumaliza akiba yake ya mwilini. Friji haina vituko hivyo. Inakaa kwenye nyuzi 5.

Lakini maandalizi yake, jamani! Kwanza daktari wa wanyama amkague, maana kobe mgonjwa au aliyekonda haruhusiwi kulala. (Daktari wangu mimi, kumwona ni kwa dua.) Kisha anafungishwa kama wiki 3, kwa sababu mwili ukipoa tumbo huacha kusaga, na chakula kilichobaki huozea humo humo. Anafunga, ila anaogeshwa maji ya uvuguvugu kila siku, anywe, ajaze kibofu. Mimi Ramadhani nafunga huku nakimbiza basi, na hajatokea wa kunipashia maji ya kuoga.

Akishalala, zamu ni yangu. Mlango wa friji hufunguliwa kila siku ili hewa ibadilike, na mfunguaji ni anayetoka saa 11 alfajiri kwenda kupakia mizigo ghalani, kwenye giza na manyunyu. Nachungulia, namwona amejikunyata kwenye udongo wake, namwambia, "Lala bwana, watumwa wako tupo."

Kila wiki anapimwa kwenye mizani ya jikoni, ile ya unga wa mahamri. Kupungua kama asilimia 1 ya uzito kwa mwezi ni kawaida. Zikifika 10, usingizi umekwisha. Akijikojolea pia anaamshwa haraka, maana maji ya kibofuni ndiyo tegemeo lake. Mimi nimepungua kuliko yeye na hakuna aliyenipandisha mizani.

Mke wangu alimpigia mama yake simu kumweleza habari hizi. Bi mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, na umeme analipa nani?" Mama mkwe huyo Mungu ampe umri.

Binti yangu anasema tuzoee, kobe huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Na soda marufuku kutiwa kwenye friji yake. Juzi shemeji katoka Leicester, hajui hili wala lile, kafungua friji usiku akitafuta maji baridi. Ukelele alioupiga uliamsha nyumba nzima, na jirani wa ukuta wa pili, isipokuwa aliyeusababisha.